Hitilafu Iliyoonekana Mapema Ikaachwa

Mafundi wanaoendesha mashine za kuchonga chuma na mbao kwa LinuxCNC, programu huria ya kudhibiti mashine, wanaujua ujumbe mmoja unaochomoza kwenye kioo cha kompyuta. Unasema kwamba kazi ya wakati halisi imechelewa kuliko ilivyotarajiwa, na unaongeza kwamba utaonyeshwa mara moja tu tangu programu iwashwe. Ukiufunga, hutauona tena mpaka uzime programu na kuiwasha upya. Mashine inaendelea kuchonga, oda inakamilika, mteja anaondoka ameridhika.

Ujumbe huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko mashine inayogoma waziwazi. Inayogoma tutaitengeneza, kwa kuwa haitupi namna nyingine. Lakini kasoro inayojitokeza mara moja na kupotea inatuachia nafasi ya kujidanganya, na hakuna aliye salama na kishawishi hicho, mimi nikiwamo. Niruhusu basi nisimulie yaliyowapata watu hodari kuliko wengi wetu.

Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi kikiwa na kigari kidogo, Sojourner. Picha zikaanza kufika duniani, na watu wakashangilia. Siku chache baadaye kompyuta ya chombo ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kila ilipofanya hivyo, kazi zilizobaki za siku hiyo zilisimama hadi kesho yake. Fundi wa kwenda kukitazama chombo hakuwapo. Palikuwa na wahandisi wa maabara ya JPL huko California tu, na mawimbi ya redio.

Kompyuta ile iliendeshwa na VxWorks, mfumo endeshi uliotengenezwa mahususi kwa kazi za wakati halisi. Ndani yake, kazi moja ya kipaumbele cha juu ilisambaza data zilizopita kwenye njia kuu ya mawasiliano, katika mzunguko uliorudi mara 8 kila sekunde. Kazi nyingine ilikagua: je, mwenzangu amemaliza? Ikikuta hajamaliza, ilihesabu kwamba mfumo umeharibika na kuianzisha kompyuta upya. Chini zaidi kulikuwa na kazi ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa. Kazi hiyo ya chini na ile ya usambazaji zilitumia kufuli moja, linaloshikwa na kazi moja tu kwa wakati.

Fikiria daktari anayehitaji dawa kwa haraka, na ufunguo wa stoo uko kwa mhudumu. Mhudumu angeurudisha mara moja, lakini kila mwenye cheo kinachomzidi anamtuma huku na kule, na hakuna anayejua kwamba daktari anasubiri. Kazi ya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za kipaumbele cha kati zikaipokonya kichakataji, na kazi ya usambazaji ikabaki inangoja walio chini yake. Muda ukapita, mkaguzi akakuta kazi haijaisha, kompyuta ikaanzishwa upya.

Tatizo hili halikuwa geni. Liliandikwa na wataalamu tangu 1980, na mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walichapisha dawa yake: anayeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayelingoja, mpaka aliachie. VxWorks ilikuwa na dawa hiyo ndani yake, ila kwenye kufuli lile ilikuwa imezimwa. Wahandisi waliirudia hitilafu kwenye kompyuta pacha iliyobaki duniani, wakaona chanzo, wakatuma mabadiliko madogo hadi Mirihi, na hitilafu ikakoma.

Msomaji anaweza kusema basi, mambo yaliishia vizuri. Ni kweli, na sifa ni zao. Ila tazama yaliyotangulia. Kabla chombo hakijatua, hitilafu hii ilikuwa imekwisha kuonekana. Walijaribu kuifanya ijirudie, ikakataa. Glenn Reeves, aliyeongoza kazi ya programu za chombo, alieleza baadaye kwa uwazi unaostahili heshima kwamba hawakuisahau wala hawakuidharau, bali nguvu yao kubwa ilikuwa kwenye programu ya kutua. Alieleza pia kwamba majaribio yao yalikomea kwenye kiwango cha kazi walichokihesabu kuwa ndicho cha juu. Mirihi ilipowapa zaidi, data nyingi na shughuli nyingi kuliko walivyotumaini, ule mzigo wa mafanikio ndio uliofunua ufa.

Mzigo huo tunapaswa kuukumbuka tunapotengeneza kerneli (kiini cha mfumo endeshi wa Linux) ya wakati halisi kwa mashine zetu. Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya wachache. LinuxCNC ilichipuka kutoka kwenye mradi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na ilitegemea viraka vilivyobandikwa kwenye kerneli: kwanza RTLinux, kisha RTAI ya chuo cha Politecnico di Milano. Wengi wetu tulibaki na toleo moja kuukuu la kerneli kwa sababu ndilo lililokuwa na kiraka. Mwaka 2024 mambo yalibadilika. PREEMPT_RT, kazi ya takriban miaka 20 ya Ingo Molnar, Thomas Gleixner na wenzao, ilikamilika ndani ya kerneli kuu, toleo la 6.12. Sasa unachagua kipengele kimoja kwenye mipangilio, unajenga, unawasha kompyuta.

Wepesi huo ni neema, lakini unaweza kutufanya tuamini kwamba kipengele hicho kimemaliza kazi. PREEMPT_RT inayafanya makufuli mengi ya ndani ya kerneli yarithishe kipaumbele, dawa ile ile ya Pathfinder. Lakini kufuli analolitengeneza mwandishi wa programu kwa maktaba ya nyuzi za POSIX halirithishi kitu mpaka mwandishi aombe hivyo waziwazi. Ukiandika sehemu yako mwenyewe ya kuendesha mashine na usiombe, umeliacha kama lile la mwaka 1997.

Kuna pia ucheleweshaji usiotoka kwenye kerneli kabisa. Programu ya ubao mama inaweza kukatiza kichakataji kwa kazi zake, na Linux haina uwezo wa kuizuia. Kichakataji kikisinzia ili kuokoa umeme, kuamka kwake kunakula muda. Kiendeshi cha kadi ya picha nacho kinaweza kushikilia mfumo wakati unaburuta dirisha tu.

Na muda wenyewe ni mdogo mno. Kompyuta inapotoa misukumo ya mota ya hatua kupitia mlango wa printa, mzunguko huwa kiasi cha mikrosekunde 25 hadi 50. Kwa mujibu wa mwongozo wa LinuxCNC, kompyuta yenye ucheleweshaji wa juu kabisa usiozidi mikrosekunde 15 hadi 20 inafaa sana kwa kazi hiyo. Ukifika 100, haifai. Mota ya hatua isiyo na kipimo cha kurudisha taarifa ikikosa msukumo, kompyuta haijui. Inaendelea kuamini kwamba kisu kipo mahali fulani, kumbe kipo pengine, na mkono wa mtu unaweza kuwa karibu.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji: kwenye jaribio la ucheleweshaji usiangalie wastani. Wastani wa mikrosekunde 5 unapendeza macho, lakini chuma kinaharibiwa na ile namba moja kubwa. Usipime huku kompyuta imetulia. Nakili mafaili makubwa, fungua intaneti, cheza muziki, zungusha picha za pande tatu, sogeza madirisha, na uache jaribio liende muda mrefu. Ukimaliza, ongeza mzigo zaidi ya ule unaodhani utautumia, kwa maana hapo ndipo wale wa JPL walipoishia mapema. Zana kama hwlatdetect itakuonyesha kama tatizo liko kwenye ubao mama. Likiwa huko, badilisha kompyuta au uhamishie utoaji wa misukumo kwenye kadi maalumu, usipoteze wiki kadhaa ukijenga kerneli upya.

Pima tena kila unapobadilisha kerneli, hata kama ni toleo dogo. Baada ya kusasisha mfumo, hakikisha kompyuta haijawaka na kerneli ya kawaida bila wewe kujua. Amri ya uname -v itakuambia kama neno PREEMPT_RT lipo. Na ule ujumbe ukitokea, hata kama kipande kilichotoka ni kizuri, andika saa, kazi iliyokuwa ikiendelea na programu zilizokuwa wazi. Simamisha mashine, rudisha mihimili kwenye sifuri na uthibitishe kwa kipimo cha mkono. Usianze kipande kinachofuata mpaka umejua kilichouleta.