Fyuzi Ikiungua Tena, Tafuta Penye Shoti



Kijana mwenzangu, Kwaresima hutukuta sisi wa Tukuyu na Rungwe nzima katika majira ya mvua. Huku kwetu inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chai na migomba inafurahi, lakini kompyuta haifurahi. Unyevu ukiingia kwenye mazabodi, shaba huota ukijani, na vile vifaa vidogo vilivyolehemewa juu ya bodi huanza kufa kimoja kimoja.

Fundi analetewa kompyuta haiwaki. Anafungua, anakuta fyuzi imeungua. Anaweka mpya. Paa! Inaungua tena. Asiye na subira ataweka ya tatu. Fundi mzuri anajua fyuzi haina kosa: mbele yake kuna kitu kimepiga shoti.

Sasa tuongee ukweli. Wangapi tunaungama dhambi ileile kila mwezi? Chukua mfano wa kijana anayemdanganya mama yake kuhusu pesa ya ada. Anaungama uongo, anaondolewa. Ondoleo hilo ni la kweli, usilitilie shaka hata siku moja. Lakini wiki mbili hazipiti, amedanganya tena. Kwa nini? Kwa sababu nyuma ya uongo kuna kubeti. Nyuma ya kubeti kuna madeni kwenye simu. Na nyuma ya madeni kuna kitu kidogo ambacho hajawahi kukitaja: anaona aibu kwamba wenzake wamefanikiwa, yeye bado. Uongo ni fyuzi. Shoti iko kule.

Fundi anaitafutaje? Anakata umeme, anatoa betri, anapima kwa mita kati ya njia ya umeme na graundi. Ikisoma karibu na sifuri, anashuku shoti. Ila hahukumu haraka, maana njia ya prosesa kwa kawaida husoma chini. Analinganisha na bodi nzima ya aina ileile. Kisha anapaka spiriti ya kusafishia, anapitisha umeme mdogo, kama volti 1 hivi, na kutazama. Spiriti inapokauka kwanza ndipo penye joto. Mara nyingi ni kapasita ndogo kuliko punje ya ulezi, na kwa macho haina hata doa.

Nasi tufanye hivyo. Kwanza, zima: weka simu pembeni, kaa kimya mbele ya Ekaristi. Pili, linganisha na Kristo, siyo na jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1454, inatualika kuchunguza dhamiri katika mwanga wa Neno la Mungu. Ukijipima kwa rafiki aliyeharibika kuliko wewe, utajiona mzima. Tatu, angalia panapopata joto: ni swali gani mama akiuliza unakuwa mkali? Ni jambo gani unaliruka kila ukijiandaa kuungama? Anzia hapo.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Alipenda kompyuta kama wewe, na aliungama kila wiki. Hakungoja bodi iungue.

Na usikate tamaa. Kwa sababu ya kapasita moja fundi hatupi bodi. Anaiondoa ile mbovu, anaweka nzima, kompyuta inawaka. Mungu naye hakutupi. Kwa hiyo Jumamosi hii, ukipiga magoti kwa padre, usiishie kwenye fyuzi. Huhitaji hadithi ndefu, taja dhambi zako, kisha sema, "Padre, nadhani mzizi wake ni huu." Halafu nenda kamwambie mama ukweli kuhusu ile ada. Itauma, lakini ndipo uponyaji unapoanzia.

Tuombe: Ee Yesu, fundi wa Nazareti, unaona ndani yangu nisipoona. Nionyeshe penye shoti, unipe ujasiri wa kupataja, na mkono wako unitengeneze. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.