Je, Kanisa Linaweza Kusamehe kwa Niaba Yake?

Andiko: 2 Samweli 13:1–22, Filemoni 1:18–19

Nimeombwa wiki hii niandike juu ya msamaha. Ningeweza kuwarudishia yale tuliyozoea, lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana, na dada linalomhusu ameniruhusu niliseme bila jina.

Ilikuwa Ijumaa ya kesha. Shangazi yake alinivuta kando, pale nje karibu na jenereta, akaniambia binti yao "ameharibiwa" usiku wa Alhamisi, na aliyefanya hivyo ni mtu tunayemjua sote. (Neno hilo silipendi. Aliyetendewa ubaya hajaharibika.) Dada mwenyewe alikuwa ndani, kiti cha mwisho, amejifunika leso mpaka kichwani. Nami nikafanya nilichojua. Niliita akina mama wawili wa maombi, tukamwekea mikono, tukaomba hadi karibu alfajiri. Halafu nikawaambia waende nyumbani, dada aoge, alale, na hayo mengine yangoje mchungaji kiongozi arudi kutoka misheni siku ya Jumapili. Niliyasema kwa upole kabisa, nikaenda kulala nikijiona nimechunga kondoo.

Jumapili saa kumi jioni ndipo tulipofika hospitali ya serikali. Muuguzi aliuliza ilitokea saa ngapi. Alhamisi, saa tano usiku. Akahesabu kwa vidole: saa 65. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya tukio kama hilo huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Tulibakiza saa 7. Akauliza nguo alizovaa ziko wapi. Zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, zimekauka. Akauliza tena, safari hii akinitazama mimi: "Mlikuwa wapi tangu Ijumaa?" Nikasema tulikuwa tunaomba. Hakunijibu. Aliinama akaendelea kuandika.

Sijaacha kuamini maombi. Lakini yule Msamaria wa Luka 10 hakusimama barabarani akamwombea yule majeruhi. Alimfunga vidonda, akatumia mafuta na divai, akampakia juu ya mnyama wake, akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Walioharakisha kwenda zao walikuwa kuhani na Mlawi, watu wa kazi yangu.

Basi niseme kwanza yale ambayo ningetaka mtu angeniambia mimi kabla ya Ijumaa ile. Hospitali ndiyo inayotangulia. Matibabu hayangoji namba ya OB, na katika hospitali ya umma sheria inataka yawe bila malipo. Dada asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki, kwa sababu plastiki huweka unyevu na ushahidi ukaoza. Hata akiwa ameoga, aende tu. Atapimwa, atapewa zile dawa za siku 28, kinga ya magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini, na kama anahitaji, tembe ya dharura ya kuzuia mimba ambayo hutumika ndani ya saa 120. Hapo najua wengine wenu mnakunja uso. Nilikunja pia, mpaka daktari akanieleza kwamba tembe hiyo, tunayoiita P2, huzuia au huchelewesha yai lisitoke. Haitoi mimba iliyokwisha kutungwa.

Kuna pia fomu ya PRC, ambayo mhudumu wa afya huijaza kuonyesha alichokiona mwilini na sampuli alizochukua. Baadaye polisi hutoa P3, na daktari akiijaza P3 huitegemea ile PRC. Karatasi hizo ndizo zitakazosema mahakamani siku ambayo vidonda vimeshapona. Na mshauri nasaha anahitajika, tena si mara moja. Nairobi Women's Hospital wana kituo maalumu cha kazi hii tangu 2001, na hospitali kadhaa kubwa za umma nazo zina vyao. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya milango kama hiyo bila kujua ni ya nini.

Sasa nirudi kwenye msamaha, maana hapo ndipo palipowaka moto.

Juma la pili wazee wa familia mbili waliomba kikao ofisini mwa kanisa. Walikuja na maneno mazuri na bahasha. Kijana amekiri kwamba "alikosea", wako tayari kugharimia matibabu, na sisi tuongoze maombi ya upatanisho ili kesi isiende mbali. Mzee mmoja, ninayemheshimu hadi leo, alifungua Mathayo 18 na 1 Wakorintho 6: ndugu wamalizane kanisani, wasipelekane mbele ya wasioamini. Dada hakuwa kwenye kikao. Hakuna aliyemwalika, na mimi sikuliona hilo mpaka tulipofika katikati.

Mimi nilisomea biashara, na hesabu za vitabu hazijanitoka kichwani. Kitu cha kwanza mwalimu wetu alichotukataza ni kufuta deni lililo katika kitabu cha mtu mwingine. Kama jirani yangu anamdai fundi shilingi elfu kumi, mimi sina kalamu ya kuandika kwamba amesamehewa. Nikifanya hivyo sijasamehe chochote. Nimeiba tu, kwa sauti ya ukarimu. Someni tena hiyo hiyo Mathayo 18, mfike mwisho wa sura. Yule mfalme alisamehe talanta elfu kumi alizokuwa akidai yeye. Na Paulo kwa Filemoni, alipotaka Onesimo apokelewe, hakumwambia Filemoni kwamba deni halipo. Alisema kama unamdai kitu, au amekukosa, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Anayetaka deni liishe bila mwenye deni kuulizwa alichukue mwenyewe. Pale ofisini hakuna aliyekuwa tayari kuchukua. Sote tulitaka kufuta.

Tena hapa pana deni la pili. Kesi ya namna hii huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ule mswada uliopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu, inasema ubakaji ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu chake cha 40 kiliweka uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo tangu Katiba ya 2010 ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Haikutaja mzee wa kanisa wala baba mzazi. Kwa hiyo dada anaweza kusamehe kwa moyo wote, akapanda kizimbani na kusema ukweli, na hajajipinga. Amefuta safu yake, ile ya Jamhuri inabaki.

Mzee akaniuliza, na Wakorintho je? Nikamjibu kwamba Paulo yule yule, alipopangiwa kuuawa katika Matendo 23, alimtuma mpwa wake kwa jemadari wa Kirumi akatoe taarifa. Hakuitisha kikao. Na katika sura ya 25 akakata rufani kwa Kaisari.

Lakini lililonifunga mdomo mimi mwenyewe ni Tamari. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa huyo ni ndugu yake, asilitie moyoni. Daudi alipopata habari alikasirika sana, na baada ya hasira hiyo Biblia haituonyeshi amefanya lolote. Mfalme, mwenye mamlaka ya kuhukumu! Baada ya miaka miwili mizima damu ikamwagika mezani. Tulipokuwa tukimwambia huyu dada awe mpole, tulikuwa tukisema maneno ya Absalomu kwa sauti ya kichungaji. Kumbukumbu la Torati 22 inalifananisha tendo hili na mtu kumwinukia mwenzake na kumwua, na inasema msichana hana dhambi: alilia na hapakuwa na wa kumwokoa. Kwetu aliita, nasi tulikuwepo.

Kuna upande mwingine ambao sitaki kuuruka. Nilipozinduka, nilitaka kumkokota dada kwenye dawati la jinsia pale kituoni siku hiyo hiyo. Shangazi ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Pasta, juzi ulimwamulia anyamaze, leo unamwamulia aseme." Kweli. Kwa mtu mzima kazi yetu ni kumweleza njia zote, kumtibu, kumsindikiza, na kungoja jibu lake. Alichukua siku nne, kisha akasema twende. Mtoto ni habari tofauti. Hapo hakuna kungoja wala kikao. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha, na kanisa linalosuluhisha jambo hilo nyumbani linamficha mhalifu.

Kuhusu yule kijana, sisi si mahakama, na hilo linakata pande zote mbili. Hatukumtangaza madhabahuni. Tulimwondoa katika huduma mpaka kesi iishe, na mchungaji mwingine humtembelea. Wakili wake alisema hakuna mashahidi wa macho. Mwendesha mashtaka alimtuliza dada: Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika makosa ya kingono, kutegemea ushahidi wa mwathiriwa peke yake akiridhika kwamba anasema kweli, mradi aandike sababu zake. Hata hivyo zile nguo zingesaidia. Hilo ni deni langu, na liko katika kitabu chake. Nilimwomba msamaha. Aliniambia bado anafikiria, na sijamuuliza tena.

Dinari mbili nazo zina bajeti yake. Kila kesi inapotajwa kuna nauli ya watu wawili na chakula cha mchana, na mara nyingi mnaambiwa rudini tarehe fulani. Baraza limekubali kutenga fungu dogo kutoka sadaka ya Jumapili ya kwanza. Kwenye kabati la ofisi mtakuta mifuko ya kaki, leso safi, na karatasi yenye namba 1195 ya msaada wa dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, zote za bure kupiga. Ufunguo uko kwa mashemasi wawili wa kike, hata usiku wa kesha.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Shangazi ana kliniki siku hiyo, kwa hiyo tunatafuta mama mmoja wa idara ya akina mama wa kuandamana na dada. Mwenye nafasi anione baada ya ibada ya pili.