Boriti na Mkoko

Ndugu zetu, tumeulizwa darsani swali ambalo kwa sura yake ni jepesi: kilicho hai ni kipi? Wako waliojibu papo hapo kwamba kilicho hai ni chenye kwenda. Jawabu hilo halitoshi. Jahazi huenda, na wingu huenda, wala hapana asemaye kwamba vina uhai. Na mkoko hausogei hata shubiri moja, nao ni hai.

Basi na tutazame vitu viwili tuvijuavyo sote: boriti iliyo juu ya vichwa vyetu tulalapo, na mkoko uliosimama topeni Tudor. Mti ni ule ule. Boriti imetulia, mkoko hauna utulivu hata saa moja. Maji ya chumvi, ambayo yangeuua mwembe, wao huyachuja mizizini, ukaiacha sehemu kubwa ya chumvi nje. Mchu, nduguye, huitoa chumvi iliyopenya kwa njia ya majani. Mwenye shaka na alirambe jani lake. Na kwa kuwa tope halina hewa, mchu huchomoza mizizi juu kama vidole, upate kuvuta pumzi maji yatokapo. Gome likijeruhiwa, mti hujiziba. Na ufikapo wakati wa kuzaa, mkoko hauangushi mbegu kavu: humlea mwanawe tawini mpaka aote, ndipo umwachilie.

Kuwa hai, basi, si kuwapo tu, kwani boriti nayo ipo. Kuwa hai ni kazi: kupokea, kuchagua, kutoa kisichofaa, kutengeneza kilichoharibika, na kuacha mfano wako nyuma. Kazi hiyo ikikoma, umbo husalia lile lile, lakini mti umekuwa kuni. Boriti ikiingiwa na mchwa haina la kufanya. Ni sisi tunaomwita fundi.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul Anbiyaa kwamba kila kilicho hai amekifanya kwa maji, na katika Suratul An'aam kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Tazameni vyema kosa lake. Hatukuambiwa kwamba alimpiga. Alimzuilia kazi ya kuwa hai.

Hatusemi kwamba kukata mti ni haramu. Babu zetu walikata pau, mazio na boriti, wakajenga, na majahazi yakazipeleka Arabuni mpaka serikali ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982. Mwenye haja hukata kwa kadiri yake, na mti huota mwengine. Tunalolisema ni lile la paka. Mwaka 1988 mafuta yaliyomwagika yalifika Makupa, na mikoko ikafa imesimama. Mvua kubwa za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukaifukia mizizi kule Mwache, na huko nako miti mingi ikafa. Haikuguswa na shoka. Ilizibwa pumzi.

Na ajabu ni kuwa mtu akipita penye mbuyu unaodaiwa kuwa na jini, hufunga kitambaa chekundu akafukiza ubani. Na jioni huyo huyo humwaga ndoo ya taka penye mikoko. Amemkhofu jini asiye na amri juu yake, akaudhulumu mti ulio hai mbele ya macho yake!

Mwenye kutaka kurudisha alichoharibu, njia si ngumu. Na aokote mwana wa mkoko aliyeanguka mwenyewe, si wa kung'olewa mtini akiwa mbichi, amchomeke topeni ncha ikiwa chini, mahali palipokuwa na mikoko zamani, wala si juu ya nyasi za bahari ambazo nazo zina uhai wake. Asiyejua pahali penyewe na awaulize wavuvi wa mtaa wake, maji yakiwa yamekupwa.