Muziki Usiosikika ni Mali ya Nani?

Picha iliyofungiwa chumbani huendelea kuwa picha. Rangi zake hazipungui kwa kukosa watazamaji, na siku mlango utakapofunguliwa itaonekana kama mchoraji alivyoiacha. Muziki haufanani nayo. Mtungaji akiisha kuandika nota zake karatasini huwa ametoa maagizo tu: sauti hii ipigwe, idumu kiasi hiki, hapa upole, hapa kishindo, hapa kimya. Maagizo hayo hungoja vidole vya mtu mwingine, na mpaka vidole hivyo vije, muziki haujawa. Kwa hiyo mtu afichaye picha huwanyima wenzake kitu kilichopo, ilhali afichaye karatasi ya nota isiyo na nakala hukizuia kitu kisiwepo. Tofauti hii ndiyo iletayo swali zito: anunuaye karatasi ya namna hiyo kwa fedha yake halali, je, amenunua pia haki ya kuinyamazisha?

Muziki wa piano wa Ufaransa umeliuliza swali hili mara nyingi, kwa kuwa miswada yake mingi ilitolewa zawadi kwa marafiki na mabibi, kisha ikapita mikononi mwa warithi na wakusanyaji. Mfano ulio wazi ni wa Claude Debussy. Mwaka 1894 alitunga vipande vitatu vya piano akamtunuku Yvonne, binti wa mchoraji Henry Lerolle. Kipande cha pili alikirekebisha baadaye akakitia katika Pour le piano, iliyotoka mwaka 1901. Katika cha tatu alitumia wimbo wa watoto ambao aliurudia mwaka 1903 katika Jardins sous la pluie. Lakini vipande vile vitatu, kama alivyoviandika kwanza, havikutolewa pamoja maisha yake yote. Mswada ulifika katika hazina ya Alfred Cortot, mpiga piano mashuhuri aliyekuwa pia mkusanyaji mkubwa wa maandishi ya muziki. Debussy alifariki mwaka 1918, Cortot akafariki mwaka 1962, na vipande vikapigwa chapa mwaka 1977. Ilikuwa miaka 83 tangu wino ukauke. Katika muda huo wapiga piano walizaliwa, wakafundishwa, wakasifiwa na kuzikwa, bila kujua kwamba kulikuwa na kitu cha Debussy ambacho wangaliweza kukipiga.

Si haki kumtukana mkusanyaji kwa ajili ya hayo. Karatasi ina maadui wengi: unyevu, wadudu, panya, na mrithi asiyejua thamani ya alichorithi. Alipaye fedha nyingi kwa karatasi nzee aghalabu huitunza kuliko mwingine yeyote, na wanachuoni wengi wamefanya kazi yao kwa sababu mtu fulani tajiri alipenda kumiliki kitu ambacho wenzake hawana. Upendo wa namna hiyo una ubinafsi ndani yake, lakini umeokoa mengi. Taabu huanza pale mtunzaji anaposahau kwamba karatasi huweza kutunzwa na huku maneno yake yakanakiliwa. Anayekataa kunakiliwa hailindi karatasi. Analinda upekee wake mwenyewe, na kwa kazi hiyo hakuna mtu awaye yote anayewiwa naye shukrani.

Tena ulinzi wa sanduku moja ni ulinzi dhaifu. Albéric Magnard alikuwa mtungaji mkali wa tabia, aliyependa kujitenga na watu, akazichapisha nyingi za kazi zake kwa gharama yake mwenyewe. Tarehe 3 Septemba 1914 askari wa Kijerumani walifika nyumbani kwake katika kijiji cha Baron, kaskazini ya Paris. Magnard aliwapiga risasi, nao wakaichoma nyumba naye akiwa ndani. Miswada iliyokuwamo iliteketea: opera yake Yolande katika umbo la okestra, na matendo mawili kati ya matatu ya opera yake Guercœur. Vipande vyake vya piano viitwavyo Promenades havikupotea, maana vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa na kutawanyika. Guercœur nayo ilipona kwa njia hiyo hiyo. Umbo lake la sauti na piano lilikuwa limechapwa zamani, na rafiki yake Guy Ropartz, aliyekuwa ameliongoza tendo la kwanza mjini Nancy mwaka 1908, aliyaandika upya matendo yale ya okestra kwa kutazama nota za piano na kwa kukumbuka alichowahi kusikia. Opera ilichezwa Paris mwaka 1931. Moto haukuuliza kipi kilikuwa bora na kipi hafifu. Vilivyotoka nyumbani viliishi, na vilivyobaki vikaungua pamoja na bwana wao.

Hata hapa mtu anaweza kuleta hoja nzito upande wa pili. Vipi ikiwa aliyetaka kimya ni mtungaji mwenyewe? Paul Dukas, aliyefariki mwaka 1935, alikuwa hakimu wa kuogopwa wa kazi zake. Aliiachia dunia sonata moja kubwa ya piano ya mwaka 1901 na kazi nyingine chache, akaharibu nyingi kwa mkono wake. Wapenzi wa muziki huyasikitikia majivu yale, lakini hapana mwenye haki ya kumlaumu. Mtu huweza kulifuta neno lake kabla halijawa neno la watu.

Jambo hugeuka gumu mtungaji anapoagiza bila kutenda. Chopin, aliyeishi Paris tangu mwaka 1831 mpaka kufa kwake mwaka 1849, aliomba miswada yake isiyochapwa ichomwe. Rafiki yake Julian Fontana hakuichoma. Aliitengeneza, na kwa ridhaa ya jamaa za marehemu akaitoa mwaka 1855, na katikati yake kilikuwamo kipande ambacho leo hujulikana karibu kila nyumba yenye piano, Fantaisie-Impromptu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Chopin alikiona hakifai. Mwaka 1960 Arthur Rubinstein alipata mjini Paris mswada wa kipande hicho kwa mwandiko wa Chopin mwenyewe, wenye maneno ya kuonyesha kwamba kilitungwa kwa ajili ya Baronesi d'Este, akauchapisha mwaka 1962. Rubinstein aliona katika maneno hayo dalili kwamba kipande kilikuwa kimeuzwa, na kwamba Chopin hakukichapa kwa sababu hakikuwa chake tena kukichapa. Ikiwa ni hivyo, basi kimya ambacho watu walikisoma kama aibu ya fundi kilikuwa sharti la biashara tu. Zaidi ya hayo, nota za mswada ule zilitofautiana na zile za Fontana pahali pengi. Kwa zaidi ya miaka mia watu walikuwa wakipiga kipande ambacho mkono wa pili ulikuwa umepita juu yake, na hawakujua.

Hapo pana funzo kwa atafutaye na kugawa. Fontana hakukosa kwa kutochoma. Ulimwengu mzima umemshukuru kimoyomoyo. Upungufu wake ni kwamba msomaji hakupewa njia ya kutenganisha cha Chopin na cha Fontana. Agawaye maandishi ya marehemu amebeba amana mbili, ya kuyafikisha na ya kuyafikisha yalivyo, na aonapo haja ya kusahihisha hana budi kusema amesahihisha wapi. Kwa sababu hii picha ya mwandiko wenyewe, hata ikiwa na madoa, aghalabu ni zawadi bora kuliko chapa safi isiyosema ilikotoka.

Si nota zote adimu zilizofichwa na mtu. Nyingi zilipotea kwa kupuuzwa, na hili labda ni baya zaidi, kwa maana halina wa kushtakiwa. Charles-Valentin Alkan alichapisha mwaka 1857 mazoezi kumi na mawili, ambamo matatu hufanya konseto nzima ya piano peke yake, yenye kuchukua karibu dakika 50. Yalichapwa, yakauzwa kidogo, yakasahauliwa. Alkan alipofariki mwaka 1888 jina lake lilikuwa limefifia hata mjini Paris alikozaliwa. Waliomrudisha ni watu wachache waliotafuta nakala za zamani kwa subira, miongoni mwao Mmarekani Raymond Lewenthal, ambaye chapa yake ya vipande vya Alkan ilitoka mwaka 1964. Angaliweza kujiwekea nakala hizo, akabaki mtu pekee wa kushangaza watu ukumbini. Alizitoa ili wengine wampite akiwa hai, na jambo hilo kwa mpiga piano si dogo.

Sheria nayo ina sauti yake. Ufaransa humlinda mtungaji miaka 70 baada ya kufa kwake, na mhariri aliyetumia miaka kusafisha makosa ya chapa anastahili ujira wake. Maktaba ya nota iliyoanzishwa kwenye intaneti mwaka 2006, yenye makao Kanada, ilifungwa mwaka 2007 baada ya mchapishaji mmoja wa Vienna kulalamika, kwa kuwa wakati huo Kanada ilihesabu miaka 50 na Ulaya 70. Ilifunguliwa tena mwaka 2008. Malalamiko yale hayakuwa ya bure. Lakini sheria hupima muda wa malipo, haipimi wajibu wa mwenye nakala ya pekee. Muda ukiisha, sheria haimlazimishi kufungua kabati lake. Linalobaki hapo ni dhamiri.

Yatazamwe basi makaa ya mawe. Katika baridi ya mwaka 1917, Ufaransa ikiwa vitani na makaa yakiwa haba Paris, Debussy aliyekuwa mgonjwa wa saratani alipatiwa makaa na mwuzaji mmoja. Akamlipa fadhila kwa kumwandikia kipande kifupi cha piano, chenye jina lililotoka katika shairi la Baudelaire. Karatasi hiyo haikujulikana kwa wanachuoni mpaka ilipotokea mnadani mwaka 2001. Mwuza makaa hana hatia: alitoa joto, akapewa nota, wala hakuna aliyemwendea kuuliza. Mwaka 2003 kipande kilipigwa chapa. Karatasi ilikuwa na mwenyewe, naye hakupungukiwa na kitu. Na mwanafunzi yeyote aliye na piano sasa anaweza kukipiga, nacho huchukua dakika mbili na kitu.