Bibi Hakukosea

Ukitaka kujua watu wa pwani ya Bagamoyo wanavyowapenda wazee wao, sikiliza wanavyowaigiza. Arusini, au msibani siku vicheko vinapoanza kurudi, hakosi mjukuu wa kukunja uso na kusema kama marehemu bibi yake: "Weye mtoto, wendapi na jua lote hili? Miye nshachoka na weye!" Watu hucheka, wengine hufuta machozi. Bibi aliyemwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu" anarudi barazani kwa dakika moja.

Mapenzi hayo ni ya kweli. Swali langu ni kama yanatosha.

Mjukuu huyohuyo akiandika "miye" au "siye" kwenye insha, neno linazungushiwa wino mwekundu. Ameambiwa ni kosa, basi anafika nyumbani na, bila ubaya wowote, anamsahihisha bibi. Hapo ndipo pa kujiuliza: bibi amekosea nini?

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja, Kiswahili cha mjini Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Watawala walihitaji vitabu vya shule vya aina moja, na lahaja moja ilibidi ichaguliwe. Kimvita cha Mombasa na Kimrima cha pwani yetu hazikuachwa kwa sababu zilikuwa na upungufu. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo, mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Naye mmisionari Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi pwani hii, alichapisha mwaka 1909 sarufi ya lahaja za Kiswahili. Kitu kisicho na kanuni hakiandikiwi sarufi.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Kwa sababu yake, daktari aliyezaliwa Bukoba anamtibu bibi wa Saadani bila mkalimani, na mimi nakuandikia wewe ambaye pengine hujawahi kuiona Bagamoyo. Lakini makubaliano ni makubaliano, hayageuki kuwa ukweli. Bibi zetu walipima mchele kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi moja. Kilo ilipokuja, dukani tukaifuata sote. Je, aliyepima kwa kibaba jikoni kwake alikuwa amekosea kilo? Angekosea kama angejaza kibaba nusu na kusema kimejaa. Vivyo hivyo, anayesema "siye" kama mama yake alivyomfundisha, akaeleweka na anaoishi nao, ametimiza kila alichodaiwa na lugha. Kumwambia amekosea ni kumhukumu kwa sheria ya nyumba nyingine.

Wapo watakaosema: yote haya ya nini? Hakuna anayemdharau bibi, na lahaja yake tunaienzi kwa kumbukumbu. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Tumeiachia lahaja hiyo kazi moja tu, kuchekesha. Kwenye maigizo, mzee wa pwani huletwa ili watu wacheke kabla hajamaliza sentensi. Wakati bibi zetu kwa maneno hayohayo walikuwa wakisuluhisha ndoa, wakiusia, wakikataa. Lugha inayoruhusiwa kuchekesha tu, mwenyewe akiitumia kusema jambo zito, nani atamsikia?

Nimekaa kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba la minazi kaskazini mwa mji, siku hizi ambapo kila ardhi iliyo karibu na bahari ina mnunuzi. Vijana walieleza kwa Kiswahili kizuri cha ofisini: fursa, uwekezaji, thamani ya soko. Kisha bibi mmoja akasema, "Siye hatuuzi. Waliolala pale hawajatwambia tuuze." Wawili watatu wakatabasamu, kwa mapenzi kabisa. Katibu akaandika: "Mjumbe mmoja hakuafiki."

Kisarufi, sentensi ya katibu haina doa. Lakini aliyesema "siye" alikuwa akisema kwa niaba ya wengi, wakiwemo waliozikwa chini ya minazi ile, na karatasi ikamfanya mtu mmoja asiyeafiki. Hoja yake haikujibiwa, kwa sababu haikuandikwa. Niliomba maneno yake yaingizwe kama alivyoyatamka. Yakaingizwa, na kikao kilichofuata kililazimika kuanzia hapo: makaburi yatakuwaje? Hadi leo shamba halijauzwa, wala mjadala haujaisha.

Kwa hiyo sidhani tunachodaiwa na wazee wetu ni makumbusho, wala wajukuu wote warudie kusema "wendapi". Mtoto na ajifunze Kiswahili sanifu, kitamfikisha mbali. Lakini afundishwe pia kwamba ni mojawapo ya Viswahili. Asimsahihishe asiyeomba kusahihishwa. Na siku bibi atakapozungumza juu ya mirathi, ndoa au kaburi, kalamu iandike alichosema, hata kama kwenye insha kingezungushiwa wino mwekundu.