Mwenye Ng'ombe Aliyeonywa

Soma Kutoka 21:28–32. Ni nini kinachomtofautisha mwenye ng'ombe asiye na hatia na yule mwenye hatia?

Ni kujua. Ng'ombe akiua mtu kwa mara ya kwanza, mnyama huuawa na mwenyewe huachwa. Lakini kama mwenyewe alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake hupiga watu, naye hakumzuia, anadaiwa damu ya jirani. Sheria haiulizi kama alikusudia.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki. Kwa nchi kavu kama Dodoma, mvua ni jibu la maombi. Lakini maji yaliyotuama yaliangua mayai ya mbu yaliyokaa udongoni muda mrefu, mengine yakiwa na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa kwanza Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 2007 uliingia Tanzania, na mkoa wa Dodoma ndio ulioumia kuliko yote. Nchini walikufa watu zaidi ya 100.

Dalili ya kwanza ilionekana zizini, siyo hospitalini. Mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa wingi, na wachanga wakafa. Watu waliambukizwa kwa kuumwa na mbu, na pia kwa kugusa damu wakati wa kuchinja, kuchuna na kuzalisha mifugo. Basi mfugaji aliweza kuona jambo ambalo mchinjaji aliyenunua mnadani hakuliona.

Haiwi hivyo kila mara. Virusi vya MERS, vinavyoshambulia mapafu, vilitambuliwa kwa binadamu Saudi Arabia mwaka 2012. Ngamia anayevibeba huenda akawa na mafua kidogo tu, au asionyeshe dalili yoyote. Mwenye ngamia huyo yumo katika fungu la 28. Mfugaji aliyeona mimba zikitoka zizi zima yumo katika fungu la 29.

Afanye nini? Ni rahisi kujibu ukiwa umeketi kanisani. Mbuzi ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa. Akisema, minada inafungwa, kama ilivyofungwa wakati ule, na kijiji kizima kinamnyooshea kidole. Akiuza upesi, anapata fedha. Tena hana hakika. Pengine ni ugonjwa mwingine. Hapo ndipo dhamiri hupenda kujificha. Lakini mwenye ng'ombe naye hakuwa na hakika kwamba mnyama wake angepiga tena. Alikuwa ameonywa tu.

Wengine hutaja Kumbukumbu la Torati 14:21, ambapo nyamafu aliweza kuuziwa mgeni. Fungu hilo linahusu utakatifu wa Israeli. Halimpi mtu ruhusa ya kumuuzia mwenzake kifo. Wala haitoshi kusema mbuzi ni mnyama safi kwa Walawi 11. Wale wa Dodoma walikuwa safi pia.

Hata hivyo, ni kosa kumwachia mfugaji mzigo huu peke yake. Soma Wagalatia 6:2. Ikiwa mshiriki wa kanisa lenu angemwita bwana mifugo kesho, na mnada ukafungwa kwa sababu yake, nani angelipa ada ya watoto wake muhula ujao?