Nyumba Ndani ya Chuo

Watu wengi hudhani kwamba mlango wa shule ukisha kufunguliwa kwa wote, kazi ya haki imekwisha. Aliyekuwa nje ameingia, kiti amepewa, kitabu asomacho ni kile kile asomacho mwenzake, na mtihani ni ule ule. Akishinda, sifa ni yake, na akishindwa, lawama ni yake vile vile. Mawazo haya yana sura ya uadilifu, na mimi mwenyewe niliyashika kwa muda mrefu. Walakini, msomaji, yafaa tuyapime kabla ya kuyakubali, maana kuingia ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Mzani nitakaoutumia ni habari za Walatino wa Marekani, na za nyumba walizodai wapewe ndani ya vyuo vikuu vya nchi yao.

Walatino ni Wamarekani ambao asili yao ni Mexico, Puerto Rico, Cuba, na nchi nyingine za upande huo wa dunia ambazo watu wake wengi husema Kihispania. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walionekana kuwa zaidi ya milioni 62, karibu watu 19 katika kila 100. Si wote waliohamia. Wako ambao wazee wao walikuwa wakikaa California na Texas wakati ardhi hizo zilipokuwa bado za Mexico. Mpaka ukasogezwa katika karne ya 19, nao wakabaki pale pale walipokuwa. Na watu wa Puerto Rico wamekuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1917.

Hata hivyo shuleni walihesabiwa wageni. Katika wilaya ya Orange, California, watoto wenye asili ya Mexico walitengewa shule zao, hata Gonzalo na Felicitas Mendez pamoja na jamaa nyingine wakaenda mahakamani mwaka 1945, wakashinda mwaka uliofuata. Kutenganishwa kulipokoma kisheria, dharau haikukoma. Katika shule nyingi mtoto aliyesikiwa akisema Kihispania, hata uwanjani wakati wa kucheza, alipigwa. Huenda babu yako, msomaji, amekusimulia habari za kile kibao walichovishwa watoto wa Kenya waliosema lugha ya mama zao shuleni. Kama ndivyo, huhitaji maelezo zaidi kwangu. Mwezi wa Machi mwaka 1968 maelfu ya wanafunzi wa upande wa mashariki wa Los Angeles walitoka madarasani mwao wakaingia barabarani, wakidai pamoja na mengine kwamba adhabu hiyo ikome na historia ya watu wao ifundishwe. Walikuwa wanafunzi wa sekondari, watu wa umri wako.

Sasa twende Chicago, kwa sababu huko ndiko swali letu linakoonekana wazi kuliko mahali pengine nipajuapo.

Mwaka 1889 mwanamke mmoja jina lake Jane Addams, pamoja na rafiki yake Ellen Gates Starr, alifungua nyumba katika mtaa wa maskini wa mji huo. Nyumba hiyo iliitwa Hull House. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni waliohamia Marekani: Waitalia, Wagiriki, Wayahudi, na baadaye watu wa Mexico waliokuja kufanya kazi katika reli, katika viwanda vya chuma na katika machinjio makubwa. Hapo walijifunza Kiingereza, walifundishwa kazi za mikono, watoto wao walilelewa mchana mama zao walipokuwa kazini. Jambo lililompa Addams sifa kwangu, zaidi hata ya nishani ya Nobel ya amani aliyopewa mwaka 1931, ni kwamba hakumtaka mgeni aache ufundi wa kwao mlangoni. Aliyejua kufuma kwa namna ya kwao alifuma, na watoto wake waliozaliwa Marekani waliitwa waje watazame, wapate kumheshimu mama yao.

Nyumba ile ilikua ikawa majengo 13. Kisha, baada ya mwaka 1960, wakuu wa mji wakaamua kwamba mtaa ule ndio utakaojengwa chuo kikuu kipya. Wenyeji walipinga, wakiongozwa na mwanamke wa mtaani, Florence Scala, lakini hawakufua dafu. Nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa, na majengo ya Hull House yakabomolewa pamoja nazo, yakasalia mawili tu, ambayo leo ni makumbusho. Chuo kilifunguliwa mwaka 1965. Wengi katika jamaa za Mexico zilizoondolewa walihamia mtaa wa Pilsen, ulio upande wa kusini, karibu kiasi ambacho mtu aweza kwenda chuoni kwa miguu.

Tafakari jambo hili, msomaji. Chuo kilijengwa juu ya viwanja vya watu, na kwa miaka ya kwanza watoto wa watu hao walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kilatino waliketi ndani ya jengo la wakuu wa chuo wakidai walimu, masomo na mahali pao. Polisi wakaitwa, na zaidi ya thelathini wakakamatwa. Mwaka 1976 kituo cha utamaduni wa Kilatino kilifunguliwa, nacho kikaja kuitwa kwa jina la Rafael Cintrón Ortiz, mwalimu aliyefundisha chuoni hapo. Basi pale palipobomolewa nyumba ya wageni, palihitajiwa nyumba nyingine ya wageni kabla miaka 15 haijapita. Lakini mgeni ni nani hapa? Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walikuwa na jembe mkononi tangu zamani. Walichokosa ni mtu wa kukiri kwamba shamba nao ni lao.

Labda utauliza nyumba ya namna hiyo yafanya nini hata iwe msaada kwa masomo. Ngoma na vyakula vya sikukuu vyaweza kumfurahisha mtu, lakini havimfundishi hesabu. Ni kweli, na ningependa wanaozisifu nyumba hizi wazungumze kidogo zaidi juu ya mambo yasiyo na rangi wala muziki. Mwanafunzi wa Kilatino aghalabu ni wa kwanza katika jamaa yake kufika chuo kikuu. Anajua kusoma, asilolijua ni desturi ya mahali. Hajui kwamba saa ambazo mwalimu hukaa ofisini ni kwa ajili ya kuulizwa maswali, naye hudhani kwenda huko ni kukiri ujinga. Hajui kwamba somo lililomshinda laweza kuachwa kabla ya tarehe fulani bila ya kuharibu jina lake. Fomu za kuomba msaada wa karo zataka hesabu za mapato ya baba ambaye amelipwa fedha mkononi maisha yake yote. Nyumbani mama yake huugua, naye ndiye mkalimani wa mama hospitalini, hata juma la mtihani.

Mwenzake ambaye baba na mama walisoma chuo kikuu hakufundishwa mambo haya darasani. Aliyasikia mezani wakati wa kula, mwaka baada ya mwaka, asijue hata kidogo kwamba anafundishwa. Akiyatumia, watu husema ana akili. Mimi nasema ana urithi, tena urithi usio na kosa lolote ndani yake, ila tusiuite kwa jina lisilo lake. Chuo kimekwisha kuwa nyumba ya mtu hata kabla mwingine hajadai nyumba. Katika kituo cha utamaduni mgeni hupata meza kama ile: mwanafunzi wa mwaka wa nne amwambiaye, nenda ukamwone mwalimu kesho, mimi pia niliogopa.

Wako walioishi habari hii wakaifikisha mbali. Sonia Sotomayor alizaliwa New York mwaka 1954, wazazi wake wakiwa watu wa Puerto Rico. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 9, na mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, akamlea pamoja na ndugu yake katika nyumba za serikali mtaani Bronx. Mwaka 1972 aliingia chuo kikuu cha Princeton, chuo ambacho kilikuwa kimeanza kupokea wasichana mwaka 1969 tu. Ameeleza kwamba alijiona kama mtu aliyetua katika nchi ngeni. Insha yake ya kwanza ilirudi na alama ya C. Hakulalamika, alitafuta vitabu vya sarufi, na vile vitabu vya hadithi ambavyo wenzake walikuwa wamevisoma utotoni, akavisoma wakati wa likizo kama mtoto mdogo. Kituo kilichofunguliwa chuoni hapo mwaka 1971 kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wachache, pamoja na chama cha wanafunzi wa Puerto Rico, vilikuwa kwake, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, kama nanga. Mwaka 1974 yeye na wenzake walipeleka mashtaka serikalini kwa sababu chuo hakikuwaajiri Walatino. Mwaka 1976 alihitimu kwa heshima ya juu kabisa. Tangu mwaka 2009 ni hakimu wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Mlatino wa kwanza kuketi hapo. Nyumba ile haikumfanyia mtihani hata mmoja. Lakini nanga haipigi makasia, wala hakuna baharia aiachaye pwani kwa sababu hiyo.

Yupo anayelipinga shauri hili, na kwa kuwa ni Mlatino mwenyewe, yafaa asikilizwe kwa heshima. Richard Rodriguez alizaliwa mwaka 1944 na wazazi kutoka Mexico, akakulia Sacramento. Alipoanza shule alijua maneno machache tu ya Kiingereza. Watawa waliomfundisha walikwenda kwao wakawaomba wazazi waseme Kiingereza nyumbani; wazazi wakakubali. Mtoto alipata lugha, akapanda darasa baada ya darasa, na nyumba ikawa kimya, kwa kuwa baba hakuwa na maneno ya kutosha ya kusema na mwanawe. Katika kitabu alichotoa mwaka 1982 Rodriguez alishika kwamba hasara hiyo haikuepukika: atakaye kuwa mtu wa watu wote hana budi kuacha faragha ya kwao. Alipinga kufundisha watoto kwa lugha mbili, akapinga na upendeleo wa kuwaingiza wachache vyuoni.

Nakubali nusu ya neno lake. Lugha ya nchi lazima ishikwe barabara, na nyumba yoyote impayo kijana udhuru wa kutoishika inamdhulumu. Lakini kila nisomapo habari za ukimya ule wa nyumbani kwao, naona huzuni yake inashuhudia kinyume cha hoja yake. Alilipa gharama kubwa, kisha akatuambia ndiyo bei ya bidhaa. Yamkini ilikuwa bei ya duka lile tu.

Wewe msomaji wa Kenya una haki ya kuuliza swali kali zaidi. Umezaliwa katika nchi ambayo watu wamekwisha kuuana kwa ajili ya makabila yao. Waijua hatari ya vyuo ambamo kila kabila lina chama chake na mgombea wake. Je, nyumba ya Walatino si jambo lile lile kwa jina zuri? Wako Marekani wasemao hivyo. Katika Texas sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 ilivikataza vyuo vya serikali kuwa na ofisi za kushughulikia watu kwa kufuata rangi au asili yao, na katika chuo kikuu cha Austin kituo cha wanafunzi wa namna hiyo kikafungwa. Waliotunga sheria walisema fedha za wote zisitumiwe kwa baadhi.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kama nyumba ingefunga mlango ili asiyekuwa Mlatino asiingie, au kama ingewakusanya wenye nguvu wagawane vyeo, ningeibomoa kwa mikono yangu. Chama cha kabila huwakusanya watu ili walishike jumba. Nyumba niisemayo huwakusanya walio pembeni ili waweze kuingia jumbani bila ya kujificha. Tofauti hiyo naiona, ingawa nakiri kwamba mpaka wake ni mwembamba na kwamba nyumba nzuri yaweza kuharibika ikawa maficho. Nimejiuliza pia juu ya siku ambayo wachache watakuwa wengi. Chuo kile cha Chicago leo kimo katika hesabu ya vyuo ambavyo sheria ya Marekani huviita vyuo vya kuwahudumia Walatino, yaani wale wasiopungua robo ya wanafunzi wake. Je, nyumba ingali yahitajiwa? Nadhani yahitajiwa maadamu yupo mtoto anayefika akiwa wa kwanza katika jamaa yake. Na siku atakapokoma kufika mtoto wa namna hiyo, ningefurahi kuiona ikigeuzwa makumbusho, kama yale majengo mawili ya Jane Addams yaliyo hatua chache kutoka hapo.

Siku hiyo haijafika. Asubuhi vijana wa Pilsen huja kwa miguu wakiwa na vitabu vyao, wakapita juu ya ardhi ambayo palikuwa na vyumba vya kulala vya watu wa kwao, wakaingia darasani.